Huna Sukari

Tulikula chaza mkesha wa mwaka mpya, dazeni saba,
Tugdual akiwafungua kwa kisu kifupi, kitambaa kiganjani;
limau, mvinyo mweupe, mkate mweusi na siagi ya chumvi.
Nje, maji ya ghuba ya Morlaix yalikuwa yamekupwa, yameacha tope tupu.
Mama mkwe, Soazig, alisema asemalo kila mwaka:
"Azenor hula kama anayelipa deni.
Mtoto huyu wa watu hana sukari."
Wakacheka. Nami nikacheka, nikameza.

Usiku wa pili nyumba ikapinduka.
Alianza Soazig mwenyewe, ngazini, hakuwahi hata kufika chini.
Akafuata Tugdual, kisha wifi yangu Bleuenn, kisha mapacha wake,
kisha baba mkwe, aliyejikalia bafuni na ndoo mapajani
akimwita Mtakatifu Anna kwa Kibretoni.
Wagonjwa sita, choo kimoja.
Nilifua. Nilichemsha maji. Nilipiga deki kwa klorini
mpaka ngozi ya vidole ikachanika,
huku nikingoja zamu yangu.

Haikuja.

Asubuhi ya tatu Riwal, miezi saba, akatapika maziwa yangu.

Baada ya wiki mbili alikuja mtu wa idara ya afya kutoka Rennes,
kijana mpole, viatu vimejaa tope,
akatutemesha mate vichupani, mmoja mmoja.
Majibu yalipotoka aliketi mezani palepale pa chaza
akanichorea nyuma ya bahasha ya bili ya umeme.

Kirusi, alisema, si mnyama. Hakina mdomo, njaa hakiijui.
Ni kifuko, na ndani yake uzi mfupi wa maagizo.
Vipange bega kwa bega, elfu thelathini,
havijajaza milimita moja.
Kinaelea tu. Kinapita kwenye tindikali ya tumbo
kama apitaye manyunyu bila mwavuli,
mpaka kiguse sukari.
Kuta za utumbo wa watu wengi zimeota vinyweleo vya sukari,
na nchani chembe moja iitwayo fukosi.
Hapo ndipo kinaponasa. Hakipigi hodi; kinashikwa mkono.
Chaza naye anayo inayofanana na hiyo, tumboni mwake mdogo,
ndiyo maana hata umwoshe siku kadhaa kwa maji safi
mgeni wake hamwachii.

"Na wewe, bibi," akainua kalamu,
"wewe huna."

Nikamtazama Soazig. Soazig akatazama dirisha.

Herufi moja iliyokosewa, kwa baba na kwa mama,
na kiwanda cha sukari hiyo hakikufunguliwa kamwe tumboni mwangu.
Kumbe sikuwa na nguvu. Kumbe sikuombewa.
Nilikuwa ukuta usio na pa kushika.

Ningeishia hapo, ningelala.
Lakini niliuliza habari za Riwal.

Kijana akasita, akaifunika kalamu, akaifunua.
Maziwa ya mama wengi, akasema, hubeba sukari hiyohiyo ikielea huru;
huenda kirusi huidhania utumbo, kikaikumbatia,
na wote wawili wakaishia kwenye nepi.
Huenda, akarudia. Bado tunachunguza.
Maziwa yangu hayana chambo hicho.
Na Riwal karithi kwa baba yake vinyweleo vyote, fukosi zote,
mwana mtamu, kifuani pa asiye na utamu.

Amepona. Siku hizi hutambaa hadi kwenye pipa la maganda
akayagonganisha, akacheka.
Soazig halisemi tena lile neno.
Akinitengea kahawa hunisogezea bakuli la sukari, kimya,
nami, nisiyezoea, natia vijiko viwili,
nakoroga
mpaka kijiko kisiguse tena punje.