Sanduku la Cirhambo

Kizuizini Panzi askari kaishika kadi yangu,
kaigeuza, kaiinua juani kama noti ya kushukiwa.
"Jimbo la uchaguzi: Cirhambo. Ni wapi huko?"
Nikamwonyesha kilima kwa kidevu.
"Pale juu. Palikuwa pale."
Hakutazama. Alisema ana kiu.

Baba yangu Zihalirwa alikuwa karani wa kura.
Alinifundisha kuhesabu kwa vijiti:
vinne husimama, cha tano huwalalia wenzake.

Mara ya kwanza Wabelgiji wanafunga mizigo,
na foleni ni ya wanaume peke yao.
Mama alipeleka viazi vitamu, akarudi na sufuria tupu,
akauliza, nani kapita?
"Mtoto wa Kashemwa, yule mwenye baiskeli."
Akapanda lori, akaenda kututetea.
Baiskeli ilirudi baada ya miezi minane.
Yeye, hapana.

Kisha miaka ya kadi mbili.
Ya kijani, tumaini. Nyekundu, fujo.
Jioni baba alirudi na rundo la nyekundu,
kamba yake haijafunguliwa.
Mama aliwashia moto mwezi mzima.
Ziliwaka vizuri, fujo zile.

Kisha chama kimoja, wagombea watatu,
wote watatu mashemeji.
Tulichagua shemeji wa kutusahau.
Ntaboba alishinda kwa chumvi, bakuli moja kila nyumba,
Jumapili ikafika, mboga ikawa chapwa tena.

Halafu sanduku likakaa chini ya kitanda cha baba
muda wa mtoto kuzaliwa na kuoa.
Vita vikapanda mara mbili, vikashuka
na mbuzi, na milango, na kaka yangu Mugaruka.
Sanduku waliliacha.
"Nani aibe sanduku la kura tupu?" baba alisema.
"Wenye akili huliiba limejaa."

Waliporudisha uchaguzi, karatasi ilikuwa pana kama shuka,
picha juu ya picha, tai juu ya tai.
Nyanya M'Lwahishi alikaa ndani ya kibanda
mpaka foleni ikaanza kupiga miluzi.
Alikuwa anatafuta uso unaofanana na wa marehemu mwanawe.
Aliupata. Namba mia na kumi na tatu.
Wino wa kidole hakuuosha wiki nzima.

Na yule wa mwisho, Bisengimana wa manjanja:
nusu ya paa la shule kabla ya kura,
nusu nyingine baada, nikipita.
Hakupita. Kura kumi na moja,
baba alizihesabu mara tatu, kijiti kwa kijiti.
Asubuhi lori likaja kuchukua misumari iliyobaki.
Hadi leo mvua ikianza, darasa lote
linahamia mabenchi ya upande wa kushoto.

Siku jimbo lilipokufa hapakulia risasi.
Ilikuja karatasi yenye mhuri: watu hawatoshi.
Kweli hatukutosha. Tulikuwa tumeshuka,
mmoja Kadutu, mmoja Essence, mmoja machimboni,
tukaandikishwa huko huko, na kila jina lililoandikwa bondeni
lilifutwa kilimani.
Hakuna aliyetuua. Tulijihamisha.
Wakatugawa kwa majirani wawili, kama ng'ombe wa mahari.

Baba hakuambiwa. Alikuwa kitandani,
akiuliza kila asubuhi kama masanduku yamefika.
Nikamjibu, yako njiani.
Sijui kama nilimdanganya.

Sanduku liko kwangu sasa, lina mbegu za maharagwe.
Binti yangu hudumbukiza moja moja kwenye tundu la juu,
anategesha sikio zikianguka.
Nami jikoni, bila kutaka, nahesabu:
vinne vimesimama, kimoja kimelala.

"Kabadilishe hii kadi, mama," askari akasema.
"Mahali hapa hapapo."
Nikampa faranga mia tano.
Akanirudishia Cirhambo.