Tawi Halikuvunjika

Daktari wa Chake aliniuliza swali moja:
Kwenu, nani amekufa ghafla?
Nikamjibu, hakuna.
Kwetu watu hufa kwa sababu.

Akanipa kalamu, akageuza fomu upande mweupe.
Mraba mwanamume, duara mwanamke,
aliyetangulia mkate mstari.
Nikaanza na mkono mzito, kama naandika talaka.

Baba mdogo Shaame: karafuu.
Mwaka wa mavuno makubwa, yuko juu ya mkarafuu,
mtu akamwita kwa ukelele,
akashuka yeye na pakacha lake.
Tawi limemtupa, wakasema wote.
Lakini mimi nilikuwa chini, wa miaka tisa, naokota zilizomwagika.
Nilitazama juu.
Tawi lilikuwa palepale, zima,
linatikisika kidogo kidogo
kama mtu anayekana shutuma.
Miaka thelathini sikumwambia mtu.

Shangazi Mkasi: kifafa.
Kila akishtuka alizimia. Akavishwa hirizi mbili,
akafukizwa, akachinjiwa mbuzi mweusi;
posa ilikuja kutoka Ole
ikarudi Ole bila kunywa maji.
Usiku wa kumi na tisa wa Ramadhani
mpiga daku alipita na debe chini ya dirisha lake.
Futari yake ya kesho ilikuwa imeshapondwa.

Faki wa Bi Time: maji.
Aliyejua kuogelea kabla ya kujua alifu
aliruka gatini Wete, wenzake wakihesabu,
wakahesabu mpaka wakachoka.
Kachukuliwa, tukasema. Na nani, hatukuuliza.

Daktari hakunena kitu.
Kando ya miraba yangu alilaza karatasi ya mashine,
moyo wa mwanangu Haroub umeandikwa kwa vilima,
na kilima cha mwisho kila mara kinachelewa kushuka,
kama mgeni asiyejua kuaga.
Ukishtuliwa hapa, akasema, akiweka ncha ya kalamu,
unapotea njia.

Ajali anaipanga Mola, sikatai.
Lakini ilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa mmoja,
nasi tuliupaka rangi mpya
kila jeneza lilipotoka.

Duara langu nililiacha jeupe.
Yeye akalitia nukta katikati.

Ijumaa nikaenda Kangagani kwa mjane wa Shaame.
Ana wajukuu wanne, na mkubwa anaolewa mfunguo tatu.
Alinisikiliza mpaka chai ikapoa, akauliza:
Karatasi hiyo umemwonyesha nani mwingine?
Sikumlaumu. Mimi pia nilianza na hakuna.
Niliacha jina la daktari chini ya kisahani
na sijui kama kikombe kiliondolewa na nani.

Ramadhani imeandama.
Saa ya kengele nimeitoa betri.
Haroub anameza kidonge chake, kakasirika na bahari,
kakasirika na mimi, anaota ndevu mbili tatu.
Hulala. Husimama mlangoni kwake nisihesabu,
na huku nahesabu.

Usiku wa kwanza nilisikia debe linakuja kutoka msikitini.
Nikatoka kanga kichwani, taa mkononi,
nikamwomba yule kijana avuke nyumba yetu kimya,
nitaamka mwenyewe.

Mna mgonjwa? akauliza.

Tuna ukoo, nikamwambia.