Hatumo Humu

Mkurugenzi amesema: tuwe kote.
Akachora duara hewani kwa kalamu,
kama mwenye sinia ya halwa anayekaribisha wageni.
"Kote" ni neno jepesi kwa asiyeshika simu.

Idara ya mawasiliano ya shirika la maji, hapa Mabela,
ni mimi, Ghaniya binti Seif,
na kiyoyozi chenye kikohozi,
na birika la kahawa ambalo Musallam wa uhasibu
hulikausha kabla ya saa nne.

Nimechana karatasi, nimeandika majina.

Linkedin: humo tunapongezana.
Kanzu zimepigwa pasi, kila mtu anayo furaha kutangaza.
Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza
mbona bomba la Mabela Kusini linatoa upepo.

Instagramu: picha ya tangi letu jipya
ilipata mioyo kumi na mmoja,
minane ya ndugu zangu.

Snapchati, anasema mpwa wangu Azza, ndiko waliko wote.
Lakini huko kila kitu hufutika, mwanangu,
na bili ya maji haifutiki.

Tiktok, mkurugenzi anataka nicheze.
Hajasema hivyo. Amesema "uchangamfu."

X: huko tunatukanwa kwa Kiarabu fasaha,
chenye vina, chenye aya,
hata mimi hujifunza msamiati.

Adhuhuri nikashuka uani, penye malori ya maji.
Joto limekaa juu ya lami kama mdai.
Nikamuuliza Shafiqul, dereva, mtu wa Chittagong:
bomba likipasuka, wewe unajuaje?
Akacheka, akanionyesha Imo,
ile anayomwonea mkewe na mtoto asiyemjua kwa harufu.
Mwenzake wa Barka humpigia humo humo.
Habari hupanda lori kabla ya kufika mezani kwangu.

Na mwezi wa tatu, maji yalipokatika Al-Khoud,
tangazo langu, lenye nembo na rangi mbili za buluu,
lilisomwa na watu arubaini.
Shangazi Zuwena akarekodi sauti, sekunde tisa,
akaitupa kwenye kundi la Watsapu la familia:
"Jamani, jazeni ndoo, msiseme hamkuambiwa."
Mtaa mzima ukajaza ndoo.

Ikabaki Feisbuku.
Tulikuwa nayo, wakasema, zamani.
Nywila alikuwa nayo kijana wa mafunzo,
aliyehamia Duqm na kuoa.
Nikampigia. Akaikumbuka: jina la paka wake.

Ukurasa ukafunguka kama nyumba ya marehemu.
Picha ya Idi ya mwaka juzi.
Na chini, kwenye kisanduku cha barua,
tarehe kumi na tisa Julai, saa nane usiku:
*Mama anasafishwa figo hapa nyumbani.
Maji yatarudi lini?*
Saa moja baadaye:
*Kuna mtu?*

Mtu hakuwepo.
Nembo ilikuwepo. Taa ya mlangoni ilikuwa inawaka.

Kesho nitamwambia mkurugenzi: miwili.
Watsapu, kwa sauti yangu, si kwa bango.
Na X, maana anayetukana angalau anangoja jibu.
Imo nitamwachia Shafiqul, ila nitamlipa vocha.
Mingine tuitie kufuli, na juu ya kila mlango tuandike
kwa herufi za kuonwa na mzee bila miwani:
hatumo humu, piga namba hii.

Atasema washindani wetu wako kote.
Nitamkumbusha kwamba maji hayana mshindani
isipokuwa kiu.

Hayo ya kesho.
Sasa ni Alasiri, Musallam amekwenda na birika,
na mimi nimeandika: samahani.
Nimefuta.
Nimeandika tena, kwa jina langu, si la shirika.
Miezi minane.
Kidole kiko juu ya kitufe.
Kwenye picha yake ameweka waridi la Jabal Akhdar,
na ua halisemi
kama mama yupo.