Ketura Aeleza Habari za Karatasi

Karatasi ya kwanza hatukuiona.
Ilisomwa Januari, mwaka wa sitini na tatu,
ikawataja walioasi, jimbo kwa jimbo,
na Kentaki haikuasi.
Bwana Threlkeld alitundika bendera ya serikali barazani,
kisha akanituma nikachemshe maji ya kunyonyolea nguruwe.
Utii wake ndio uliokuwa mnyororo wangu.

Ya pili ilimwita Hezekia.
Mwanamume yeyote, ilisema,
bwana wake aridhie, asiridhie.
Alitembea usiku, mchana akajificha mahindini,
hata akafika Kambi Nelson, akachora msalaba daftarini,
na kabla wino haujakauka alikuwa mtu.
Bwana akatia farasi tandiko, akaenda kudai fidia,
dola mia tatu.
Mimi nikabaki pale pale, deni lisilo na mdai,
na hasira yote ya nyumba ile
ikajua njia ya kufika mgongoni kwangu.

Basi nikamfuata. Asa mbelekoni, Milly mkononi.
Kambini nilifua suruali za bluu,
sabuni ya majivu, hata kucha zikalegea.
Kibanda chetu kilikuwa mbao za masanduku ya biskuti;
ubao mmoja ulikuwa na jina la kiwanda,
na Hezekia, aliyekuwa akijifunza herufi,
alilisoma kila jioni kama zaburi.

Ya tatu ilikuja na magari ya nyumbu.
Novemba. Maji ya ndoo yameganda.
Wanawake na watoto wote watoke.
Aliyeisoma alikuwa kijana tu, hana hata ndevu.
Nikamwambia, huyu ana homa, mguse.
Hakumgusa.
Amri ni amri, akasema, macho kayapeleka kwa nyumbu.
Nyuma yetu wakabomoa vibanda, wakavitia kiberiti,
na huo ndio moto pekee tuliouona siku ile.

Asa alikata roho kwenye ghala la tumbaku,
chini ya majani yaliyoning'inizwa yakauke.

Hezekia aliapa mbele ya ofisa.
Alisema, mwandishi akaandika; aliponyamaza,
mwandishi akangoja.
Wengine nao waliapa, kila mmoja na kaburi lake.
Maneno yakatiwa kwenye mfuko wa posta, yakaenda Washington,
na huko, nasikia, watu wakaona haya.

Machi ikaja ya nne:
mke wa askari ni huru, na watoto wake pia.
Wanasema serikali ilitukomboa. Sikatai.
Ilifungua mlango kama afunguavyo mtu
ambaye moshi umemzidi humo ndani.

Nilikwenda kuandikishwa.
Cheti cha ndoa? Sina; nani angetupa?
Nikaweka mikono yangu mezani, nyufa za sabuni na zote.
Mwandishi akaiangalia, akaendelea.
Watoto?
Wawili.
Akachungulia nyuma yangu, akamwona Milly peke yake.
Andika wawili, nikasema.
Akachovya kalamu.