Ai

Lilikuwa gari la mikate, Haisi ya zamani,
na mpaka leo likipigwa jua linanuka hamira.
Tulilinunua Tabata kwa fundi aliyeapa kwa mama yake
kwamba injini ni nzima.
Mama yake, Mungu amrehemu.

Tukatia godoro, jiko la gesi, madumu mawili ya maji,
pazia la kanga kuukuu,
na Magrega akaandika ubavuni kwa rangi ya kucha:
HODI NI KWAKO PIA.

Mimi ni Makrai. Yeye ni Magrega.
Shuleni Chang'ombe mwalimu aliuliza hayo ni majina ya kabila gani.
Tukajibu: ya Mbeya, Mwalimu.
Tulisikia Mbeya kuna baridi.

Safari yenyewe haikutoka nje ya mji.
Wenye nauli huenda mbali kutafuta walikotoka;
sisi tulikuwa na mafuta ya elfu thelathini
na Uskoti ile iliyosahauliwa Dar es Salaam.

Gerezani, karani wa reli akapuliza vumbi la daftari.
Mchwa wamekula kuanzia A mpaka H,
M wameiacha, sijui ina uchungu gani.
*Makrai, D. Fundi wa boila. Faini kwa ulevi.
Faini kwa ulevi. Likizo. Faini.*
Magrega akacheka mpaka karani naye akacheka.
Mimi nilikuwa natafuta safu ya wategemezi:
mstari mmoja, mtupu, umepigwa kwa rula.
Hapo ndipo angekaa Mwanakombo binti Sefu wa Keko,
aliyemzalia wanne
na kumfulia masizi ya miaka kumi na moja.

Kurasini hatukupata kitu.
Ghala la mkonge sasa ni yadi ya makontena,
na mlinzi alitaka kujua kama tunauza chapati.

Kinondoni, makaburini, tulikwangua kuvu kwa kijiko cha chai.
Jina likatoka, herufi moja moja, kama mtu anayeamka:
Magrega, karani wa mkonge,
mume mpendwa wa Ana, wa Abadini.
"Ana yupi?" akauliza mwenzangu.
"Bibi yetu aliitwa Pili."
Akanyamaza.
"Kumbe."
Hakulia. Alichukua dumu akaliosha jiwe lote,
hata jina la Ana,
hasa jina la Ana.

Usiku tuliegesha nyuma ya soko la Mwenge, nikakoroga uji.
Nikatia chumvi kwa mazoea, kisha nikaona aibu.
Naye alikuwa ameshaleta kikombe, amesimama.
Kumbe kila mmoja utotoni alidhani ni ufukara wa kwao tu:
uji usio na sukari, ukinywewa wima,
na babu akikuambia ukikaa unautukana.

Ndipo mgambo akatumulika na tochi.
"Hili ni gari au nyumba?
Kama ni gari, lipieni maegesho.
Kama ni nyumba, ni yenu?"

"Ai," akasema Magrega, uji mdomoni.

Kwa watu wa mji huu, ai ni mtu aliyeshtuka.
Kwao na kwetu, tangu enzi za boila,
ai ni ndiyo.

Mgambo akazima tochi,
akasubiri tumalize kushangaa.
Hatujamaliza.