Kano Mbili

Anatapika tena.
Nasikia ndoo, kisha maji, kisha kimya,
kisha "samahani baba" kupitia pazia la mlango,
kana kwamba tumbo ni mgeni aliyemleta bila kuaga.

Mwezi wa tatu huu. Kitunguu cha jirani
kikigusa tu mafuta, mbio uani.
Shekue yuko Horohoro anahesabu malori.
Hapa Barabara ya Kumi na Nne tumebaki
mimi na mke wa mwanangu,
na adabu, ambayo nayo inataka nafasi ya kukaa.

Ningemshika mkono ningemwonyesha.
Mkono wa mkwe haushikwi.
Basi nikavuta kigoda hadi katikati ya ua,
nikakunja shati mpaka kisugudini, nikaita:
Riziki, kaa hapo kizingitini.
Usiniangalie uso. Angalia mkono.

Huu mkunjo, hapa saa inapokaa.
Laza vidole vitatu kuanzia hapo.
Vyako, si vyangu; kila mwili una rula yake.
Kinapoishia cha tatu, papasa:
kuna kano mbili, zimekazwa kama kamba za kuanikia.
Katikati yake weka dole gumba, ubonye.
Si kama anayeua kunguni.
Kama anayeliuliza parachichi limeiva lini.

"Hapa?"
Umekwenda mbali, rudi kidogo kwenye kiganja.
"Hapa?"
Nitajuaje? Mwenye mkono ni wewe.
Pakiuma maumivu ambayo hutaki yaishe, ndipo.

Mimi sikusomea.
Miaka kumi na tisa nilisimama kwenye korona,
mkonge ukiingia kijani, ukitoka mweupe,
na kelele zikinifuata nyumbani hadi kwenye bakuli la uji.
Mwanakheri alikuwa akinikalisha chini,
akiikamata hii nyama kati ya gumba na shahada,
akiibana mpaka macho yalowe,
na kichwa kikashuka taratibu
kama chungu kinavyoteremshwa mafigani.

(Hapo, Riziki, usiguse.
Si pa mwenye mimba. Paache mpaka ujifungue.)

Stendi kuna mtu na kipaza sauti,
chupa moja, maradhi arobaini.
Dole langu haliuzi kitu.
Linajua kichefuchefu, kichwa,
shingo iliyolalia mto vibaya, basi.
Mwanakheri alipovimba miguu nilibonya usiku kucha,
juu ya kifundo, chini ya goti, kila nilipopajua,
na alfajiri tukafika Bombo,
na Bombo wakatuuliza mlikuwa wapi.

Kwa hiyo nisikilize vizuri.
Ukiona damu, ukishikwa na homa,
maji yakikataa kukaa tumboni kutwa nzima,
usibonye mkono. Bonya simu,
umwite Mbaruku na bajaji yake,
hata kama ni usiku wa manane, hata kama nimelala,
hata kama nasema ngoja.

Hakujibu. Alikuwa akihesabu, midomo tu,
arobaini na tatu, arobaini na nne,
kuku akapita kati yetu akatutazama
watu wazima wawili, kila mmoja amejishika mkono
kama aliyejikamata mwenyewe akiiba.

"Kumetulia," akasema. "Kidogo."
Nikataka kusema kidogo ndicho alichokuwa nacho hata yeye.
Nikanyamaza. Nikaona sijaliachia gumba langu,
na mimi sina kichefuchefu chochote;
nilipoliondoa palibaki kishimo,
kikachelewa kujaa, ngozi ya uzee ndiyo ilivyo.

"Mama alikuwa anaanza na mkono upi?"

Ni swali ambalo hakuna aliyeniuliza tangu matanga.
Wa kushoto, nikamwambia.
Kisha wa kulia, muda uleule, hata kama kichwa kimeshapona.
Alisema hataki upande mmoja uone wivu.

Riziki akabadilisha mkono.
Ukutani kwa jirani, kitunguu kikaanza kulia kwenye mafuta.