Mizani ya Dagaa

Ghorofani, juu ya duka la nyavu pale Kirumba,
karani kijana ananiuliza jina kamili
kana kwamba maiti ni mimi.
Mbuke, nasema. Mbuke binti Luhende.
Miaka hamsini na minne. Akili timamu.
Hilo la akili ameliandika kabla hajanipima.

"Taja mali, mama."
Naanza na zinazonuka, maana ndizo nizijuazo:
chanja kumi na moja kule Igombe, nguzo za mkaratusi,
mbili zimeoza miguu;
turubai la buluu, magunia, mkopo wa Vicoba.
"Deni si mali."
Liandike, mwanangu. Deni nalo lina warithi,
ila halina wagombezi.

Kisha nyumba ya Mabatini,
vyumba vitatu vilivyoparamia mwamba kama mbuzi.
Shimo la choo tulilichimba kwa moto:
mchana kutwa tunaliunguza jiwe,
jioni tunalimwagia maji ya ziwa,
mpaka likasema paa.

Anauliza hati.
Namkunjulia karatasi ya mjumbe, mhuri umefifia,
na risiti za kodi ya jengo, miaka tisa, hakuna uliopungua.

Lugembe wangu hakuandika.
Alisema kutaja kifo ni kukipungia mkono
kikiwa ng'ambo ya barabara.
Kikavuka bila kupungiwa, siku ya Jumanne.
Tanga halijaanuliwa,
shemeji Bundala anapima kiwanja kwa hatua,
moja, mbili, tatu,
na viatu vyake vya msibani.
Wakabeba kitanda. Wakabeba redio na jenereta.
Wakabeba mizani.
Hapo ndipo nilipolia kwa sauti;
watu wakadhani namlilia marehemu.

Anayeuza dagaa bila mizani
huuza kwa jicho la mnunuzi.

Karani ameinua kalamu. Hayo hayaandikwi, anasema.
Najua. Andika yanayoandikwa.

Nyumba, kwa Kabula na Shija, sawasawa,
wa kike na wa kiume, asije mtu na hatua zake.
Chanja zisiuzwe; zikodishwe,
na fedha yake imsomeshe Shija, kinachobaki kitunzwe
hadi atimize miaka kumi na minane.
Hapana, futa. Ishirini na mmoja.
Kwenye kumi na minane bado ana pikipiki kichwani.
"Nani ashike?"
Si kaka yangu; yule hawezi kumnyima mtu.
Ashike Leokadia, mhasibu wetu wa Vicoba,
asiyemchekea mtu,
anayehesabu mara mbili
hata noti aliyopewa na padri.

"Na mizani? Si ilichukuliwa?"

Ilirudi.
Usiku wa arobaini, kidole kiligonga dirisha.
Minza, binti yake Bundala, miaka kumi na miwili,
ameibeba kichwani toka Igogo,
imefungwa kitenge cha mama yake,
mawe yake mawili mfukoni mwa sketi ya shule,
yamemchubua paja.
"Kwetu haisimami sawa," alisema,
akashuka mawe ya Mabatini peku, asisikike.

Basi andika: mizani, pamoja na mawe yake, kwa Minza Bundala.
"Huyo si damu yako, mama."
Andika.

Mashahidi wakaingia, mmoja wa ukoo, mmoja baki,
wote wawili hawarithi hata sindano.
Nikatia sahihi polepole, herufi za darasa la nne,
ile K ikapanda mlima.
Nakala moja yangu, moja ya Leokadia,
moja itakaa serikalini, kwenye kabati la chuma.
Nikaomba nipunguziwe bei. Nikapunguziwa.
Nikadai risiti.

Chini, jua la saa nane, harufu ya mwaloni,
wino kidoleni.
Nikapita kwa muuza nguzo
kuulizia mbili za mkaratusi,
ndefu, zilizokauka vizuri.
Dagaa wa kesho hawaanikwi juu ya wosia.